Sindano ya Mgongo na Bingwa wa Mbio Fupi: Kikundi Chako Kijue Nini?



Hapa kwetu Kisii na Nyamira hakuna haja ya kumfundisha mtu mbio ni nini. Naftali Temu alishinda mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Miaka minne baadaye, kule Munich, Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti za wakimbiaji wanne, kila mmoja mita 400. Kati ya hao wanne, watatu walikuwa wana wa Gusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang. Walitumia dakika 2 na sekunde 59.83. Kwa hiyo asikudanganye mtu ati mbio fupi si za Wakenya.

Hata leo, mtoto akionekana shuleni kwamba ana mbio, wengi huhusika. Wazazi huuza ndizi au kungoja bonasi ya majani chai. Kikundi cha akina mama huchanga nauli. Kanisa hufanya harambee ndogo ya kununua viatu vya misumari. Jambo hilo ni jema sana. Lakini kuna jambo moja ambalo vikundi vingi havijawahi kuliweka kwenye ajenda ya mkutano, nalo ni dawa. Je, yule kijana wetu akiumia mgongo leo, ataenda wapi? Atapigwa sindano gani, na nani? Hebu tuone kwa nini swali hilo linaweza kuamua maisha yake yote ya michezo.

MKIMBIAJI ALIYESIMAMISHWA MIEZI 14

Wengi wenu mmesikia jina la Ferdinand Omanyala. Ndiye Mkenya mwenye mbio kuliko wote katika mita 100. Kabla ya kuingia kwenye riadha alikuwa mchezaji wa raga, na alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoanza kung'ara, watu walishangaa, maana tangu Seraphino Antao wa Mombasa aliposhinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1962, Kenya haikuwa imepata tena bingwa wa mbio fupi namna hiyo.

Mwaka 2017 Omanyala alipimwa mkojo, ikapatikana dawa inayoitwa betamethasoni. Alikuwa akitibiwa maumivu ya mgongo. Betamethasoni ni dawa halali kabisa hospitalini. Hupunguza uvimbe na maumivu, na watu wengi hupigwa sindano yake kwa ajili ya mgongo au magoti. Lakini kwa mwanariadha, ikipatikana mwilini siku ya mashindano bila kibali, ni kosa. Omanyala alifungiwa miezi 14. Hakuruhusiwa kukimbia mashindano yoyote.

Alipomaliza adhabu alirudi, akaanza upya. Hata hivyo doa lilimfuata. Mwaka 2021 aliachwa nje ya kikosi cha Kenya cha mbio za kupokezana vijiti za dunia kwa sababu ya ile adhabu ya zamani. Baadaye akaruhusiwa kwenda Olimpiki ya Tokyo, akafika nusu fainali kwa sekunde 10.00. Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, akavunja rekodi ya Afrika. Mwaka 2022 akawa bingwa wa Afrika na bingwa wa Jumuiya ya Madola.

Basi mwenzetu huyu aliinuka tena. Lakini tujiulize: ni vijana wangapi wa kijijini wanaoweza kukaa zaidi ya mwaka bila kukimbia, bila mapato, watu wakiwanyooshea kidole, halafu wakarudi? Wengi hukata tamaa na kuacha. Na zile pesa ambazo kikundi kilichanga haziwezi kurudi.

MBONA AHUKUMIWE KAMA ALIKUWA MGONJWA?

Hili ndilo swali ambalo watu huuliza kila mara. Jibu ni hili: katika sheria za riadha, mwanariadha mwenyewe ndiye anayebeba mzigo wa kila kitu kinachopatikana mwilini mwake. Haijalishi kilitoka kwa daktari, kwa kocha, kwa rafiki, au kwa mama yake mzazi aliyemhurumia. Kusema "sikujua" hakufuti kosa. Kunaweza tu kupunguza adhabu, tena akithibitisha jinsi dawa ilivyoingia.

Sheria inaonekana kali, lakini ina sababu. Kama "sikujua" ingetosha, basi kila mdanganyifu angesema hivyo, na yule anayekimbia kwa jasho lake angeporwa ushindi kila siku. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wale wanaoishi na mkimbiaji na wanaomgharamia lazima wajue sheria kama anavyoijua yeye. Kosa la jikoni au la duka la dawa litaandikwa kwa jina lake.

NJIA YA PILI: ANAYETUMIA AKIJUA

Kuna wanaoanguka kwa kutojua, na kuna wanaoingia kwa hiari. Katika mbio fupi, mfano ambao dunia haijausahau ni Ben Johnson wa Kanada. Alizaliwa Jamaika mwaka 1961, akahamia Kanada akiwa kijana. Mwaka 1987 kule Roma alishinda mita 100 za ubingwa wa dunia kwa sekunde 9.83. Tarehe 24 Septemba 1988, katika Olimpiki ya Seoul, alimshinda Carl Lewis wa Marekani kwa sekunde 9.79. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia hivyo.

Siku tatu tu baadaye alinyang'anywa nishani. Mkojo wake ulikuwa na stanozololi, dawa ya kundi la steroidi ambayo hujenga misuli haraka. Dhahabu ikapewa Lewis. Mwaka 1988 serikali ya Kanada iliunda tume ya uchunguzi. Mbele ya tume hiyo kocha wake, Charlie Francis, alieleza kwamba mambo hayo hayakuanza Seoul. Yalikuwa yameendelea kwa miaka. Johnson naye akakiri, na ile rekodi ya Roma ikafutwa pia. Alifungiwa miaka miwili. Akarudi, lakini mwaka 1993 akapatikana tena na kosa, akafungiwa maisha.

Angalieni jinsi mtego huo ulivyofanya kazi. Johnson hakuwa peke yake. Kulikuwa na kocha aliyemwambia kwamba wenzake wote wanatumia, na daktari aliyetoa dawa. Kijana anayewaamini watu wawili kama hao hufuata. Lakini mzigo ulipoanguka, jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mkimbiaji.

Hata Kenya hatukosi mfano katika mbio fupi. Mwaka 2021 Mark Odhiambo alikuwa Tokyo pamoja na Omanyala, tayari kwa mita 100. Kipimo kikaonyesha dawa ya steroidi iitwayo methasteroni, akasimamishwa kabla hajakimbia. Dawa hiyo iliwahi kuuzwa Marekani ndani ya unga na vidonge vya kujenga mwili, ikiitwa chakula cha nyongeza. Kwa hiyo mkopo wenye picha ya mtu mwenye misuli si chakula cha kawaida. Kilichoandikwa nje huenda si chote kilichomo ndani.

DAWA ZILIZO KARIBU NASI

Msidhani dawa hizi zinapatikana ng'ambo tu. Nyingine ziko kwenye maduka ya dawa ya Kisii mjini, Keroka na Nyamira, na nyingine ziko ndani ya kabati zetu. Majina tumeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye paketi yatafanana ila baadhi ya herufi zitatofautiana.

1. Betamethasoni, deksamethasoni na prednisoloni. Hutumika kwa maumivu, pumu na mizio. Watu wengine hununua vidonge vyake bila daktari ili wanenepe. Zimekatazwa siku ya mashindano zikimezwa au kuingia kwa sindano. Sindano moja ya aina ya triamsinoloni inaweza kukaa mwilini hata siku 60. Kijana akipigwa sindano hiyo Aprili, bado yuko hatarini Juni.

2. Furosemidi na haidroklorotiazidi. Ni dawa za presha zinazofanya mtu akojoe sana. Zimekatazwa wakati wote, kwa sababu zinaweza kuficha dawa nyingine. Ruth Chepngetich, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kule Chicago mwaka 2024, alifungiwa miaka mitatu mwaka 2025 kwa sababu ya dawa ya pili kati ya hizi. Alieleza kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Basi mzee wa presha asimgawie mjukuu vidonge vyake.

3. Tramadoli. Ni dawa kali ya maumivu. Imekatazwa siku ya mashindano tangu Januari 2024.

4. Dawa za mafua na kikohozi zenye efedrini au sudoefedrini. Zikipita kiasi fulani mwilini siku ya mashindano, ni kosa.

5. Miraa na bangi. Zote zina kemikali ambazo mkimbiaji hatakiwi kupatikana nazo siku ya mashindano. Kutafuna "kidogo tu ili nisisinzie safarini" kunaweza kumharibia.

"Siku ya mashindano" haianzi kipyenga kinapolia. Kwa kawaida huanza dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia mashindano.

MADHARA KWA MWILI

Hata kama kusingekuwa na vipimo, dawa hizi zinadhuru. Steroidi za kujenga misuli huharibu ini na moyo. Kwa mwanamume hupunguza nguvu za uzazi na zinaweza kumwotesha matiti. Kwa msichana hubadilisha sauti ikawa nzito, huota ndevu, na hedhi huvurugika. Mambo mengine hayarudi hata akiacha. Kwa kijana ambaye bado anakua, zinaweza kuzuia mifupa isirefuke.

Ile iitwayo EPO, ambayo imewaangusha wakimbiaji kadhaa wa mbio ndefu nchini, huongeza chembe nyekundu za damu. Damu ikiwa nzito kupita kiasi inaweza kuganda na kuziba mishipa ya moyo au ya ubongo.

Onyo moja: mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu asiache ghafla kwa kuogopa makala hii. Mwili wake huenda umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Aende hospitali, daktari ampunguzie polepole.

WAPIMAJI WAKIJA NYUMBANI

Vipimo havifanywi uwanjani tu. Mkimbiaji anaweza kupimwa akiwa kambini, shuleni au nyumbani, bila kuarifiwa mapema. Wale wa ngazi ya juu hutakiwa kusema kila siku mahali walipo, na kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa pia.

John Ngugi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano na bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1988. Mwaka 1993 mpimaji alimfuata nyumbani, Ngugi akakataa kupimwa. Akafungiwa miaka minne. Baadaye adhabu ilipunguzwa, lakini miaka yake mizuri ilikuwa imepotea. Kukataa kupimwa huhesabiwa kuwa kosa kubwa.

Basi familia ifanye hivi. Mpimaji akifika, mwombeni kitambulisho. Msimfukuze, na msiseme kijana hayupo huku amejificha jikoni. Mkojo hutolewa mbele ya ofisa wa jinsia moja na mkimbiaji, kisha hutiwa kwenye chupa mbili, A na B, zinazofungwa mbele ya macho yake. Chupa A ikionyesha dawa, ana haki ya kudai chupa B ipimwe. Kama ni mtoto chini ya miaka 18, ana haki ya kuwa na mtu mzima wa kumwangalilia. Kwenye fomu aandike dawa zote alizotumia siku za karibuni.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, kabla ya kuchanga pesa, kaeni na kijana na wazazi wake mwelewane. Kikundi kitoe nauli na viatu. Kijana naye akubali kwamba hatameza wala kupigwa sindano yoyote bila kuwaambia watu wawili waliochaguliwa. Mmoja awe mzazi, mwingine awe mwanakikundi anayesoma vizuri, kwa mfano mwalimu au muuguzi.

Pili, awe na daftari la dawa. Kila dawa iandikwe jina, tarehe, kipimo, na mahali ilipotolewa. Paketi na risiti zihifadhiwe. Siku ya matatizo, daftari hilo ndilo litakaloonyesha dawa iliingiaje.

Tatu, akienda kutibiwa, neno la kwanza liwe: "Mimi ni mwanariadha, napimwa." Aombe dawa isiyokatazwa. Kama hakuna nyingine, kuna kibali cha kutumia dawa kwa ajili ya tiba, ambacho huombwa kupitia ADAK, shirika la serikali la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Kenya ina sheria ya jambo hili tangu mwaka 2016. Kibali kiombwe mapema, angalau siku 30 kabla ya mashindano. Lakini ikiwa ni ajali au ugonjwa wa ghafla, uhai kwanza: atibiwe, kibali kiombwe mara tu baadaye.

Nne, mjihadhari na mtu anayekuja kambini na mfuko wa dawa akisema ni "vitamini". Ukimwuliza jina la dawa na asiweze kukuonyesha paketi, mwambie aende zake. Vitamini za kweli zimo katika mboga, mayai, maziwa, maharagwe, wimbi na ndizi zetu.

Tano, kama kosa limetokea, msitafute cheti cha uongo. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya 2016, alifungiwa miaka minne mwaka 2017 kwa sababu ya EPO. Mwaka 2019 ikaongezwa hadi minane kwa sababu karatasi za hospitali alizoleta hazikuwa za kweli. Anayesema ukweli mapema huweza kupunguziwa. Anayedanganya huongezewa.

Mwisho, tusimsukume mtoto. Wazazi wengine huona mtoto ana mbio, mara wanaanza kuhesabu nyumba ya mawe na ng'ombe wa gredi. Mtoto akishindwa mara moja, nyumbani hakuna raha. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayemsikiliza haraka mtu wa mfuko. Mwambieni wazi kwamba akiwa wa sita kwa nguvu zake, bado ni wenu, na sahani yake ya ugali iko pale pale. Na masomo asiache. Riadha ya mbio fupi ni ya miaka michache, tena misuli ikichanika inaweza kuisha siku moja.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, kijana akiumia mguu au mgongo huenda wapi kwanza? Je, anayemtibu huuliza kama ni mwanariadha?

2. Ni dawa gani ziko nyumbani kwetu ambazo tunagawiana bila kuuliza daktari?

3. Je, ni haki mkimbiaji kuadhibiwa kwa dawa aliyopewa akiwa mgonjwa? Tungekuwa sisi waamuzi, tungefanyaje?

4. Tuna vijana wangapi wanaokimbia katika eneo letu? Nani kati yetu atakuwa mlezi wa daftari la dawa la kila mmoja?

Katibu aandike majibu kwenye kumbukumbu za mkutano, na yale mliyokubaliana yasomwe tena mkutano ujao mbele ya vijana wenyewe.